Mpira wa Adhabu Niliouona Asubuhi

Ni miezi minne sasa tangu nirudishe funguo za stoo ya mipira. Walimu wawili vijana walioshika kazi yangu waliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifundisha timu ya taifa ya vijana, kwa sababu, walisema, wazee wote wanazungumza lakini hakuna anayeandika. Nimekubali. Sitaandika habari za vyeo, maana vilikuja vyenyewe kwa kuchelewa, wala za mshahara, maana haukuwa na la kusimuliwa. Nitaandika kazi. Na ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulitamka nikiwa kazini. Mkilifikia mtaelewa kwa nini.

Nilianza kama mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, upande wa Manyatta, wakati bado kulikuwa na mtama kati ya nyumba na nyumba. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinikabidhi watoto hamsini na mpira mmoja. "Watoto utawazoea," aliniambia. "Mpira usipotee." Ulikuwa wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba, wenye blada ndani. Ukinyeshewa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mtoto akiupiga kichwa pale penye kamba alirudi nyumbani na chapa kwenye paji la uso. Kila Ijumaa niliupaka mafuta ya ng'ombe ili ngozi isipasuke, kisha nikautundika darini mbwa wasiufikie. Waliufikia mara mbili.

Aliyenifundisha kufundisha mpira hakuwa mwalimu. Mzee Abura alikuwa mchochea moto kwenye meli za ziwani. Meli ikitia nanga alishuka gatini na masizi yake usoni, akaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa karibu na reli kuwafundisha vijana wa mji. Hakujua kusoma. Mimi niliyekuwa na cheti cha ualimu nilisimama nyuma yake jioni baada ya jioni, naandika aliyoyasema.

"Wewe wacha kuangalia mpira," aliniambia siku moja, akanishika kidevu na kunigeuza uso. "Mpira haina akili. Angalia ule mtu hana mpira. Huyo ndiye anajua nini itatokea."

Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata somo bora kuliko hilo. Nilijifunza kutazama. Naweza kusema bila majivuno kwamba kwa kutazama hakuna aliyenizidi pwani yote ya ziwa, kutoka Nyakach hadi Seme. Mtu akivuta mguu, mtu akiogopa kupiga kichwa, mtu asiyeupenda mguu wake wa kushoto, nilimjua kabla hajagusa mpira mara tatu.

Lakini sikuwa mwanafunzi peke yangu. Kulikuwa na Hamisi wa Kaloleni. Baba yake alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa na kazi ya reli, mama yake wa Seme, na yeye mwenyewe alikuwa fundi viatu. Ndiye aliyepigilia njumu kwenye viatu vya mpira vya mji mzima. Hamisi hakuandika kitu. Alikuja amechelewa, akakaa karibu na Mzee Abura, akamchekesha, akaingia uwanjani peku kucheza na vijana. Na vijana walimpenda. Akisema ruka, waliruka kwanza, wakauliza baadaye. Mimi nikisema ruka, waliuliza mara ngapi.

Mzee Abura alipoanza kukohoa makaa ya melini na kuamua kurudi kwao, alituita sisi wawili uwanjani. Akavua firimbi yake shingoni. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Akampa Hamisi.

"Nashon, wewe una daftari," aliniambia. Kwake yeye huo ulikuwa mgawanyo wa haki kabisa. Niliurudisha mkono wangu mfukoni, nikacheka na wengine. Wivu ni kama funza. Unaingia mguuni ukiwa mdogo kiasi kwamba unauona kama vumbi, na wewe unaendelea kutembea.

Miaka michache baada ya Uhuru, wakubwa wa mpira huko Nairobi waliamua kuwe na timu ya taifa ya vijana, na kwa kuwa wachezaji wengi walitoka upande wetu, kambi ikawekwa Kisumu, katika mabweni ya shule wakati wa likizo. Wakatuma mtu kuchagua mwalimu wa timu. Alikuja na suti, akakaa chini ya paa la jukwaa, akawauliza vijana wenyewe wangependa nani awafundishe. Kumi na wanne kati yao nilikuwa nimewafundisha mimi kusoma. Wote walisema Hamisi. Kwa hiyo Hamisi akawa mwalimu mkuu wa timu ya taifa, na mimi mwenye cheti nikawa msaidizi wake.

Sasa niwaeleze kazi ya msaidizi, kwa sababu ninyi mmezoea kuwa na watu wanne wa kufanya kazi ile. Niliamka alfajiri kuchora mistari kwa majivu, maana chokaa ilikuja ikakwisha. Nilikagua nyavu za katani, nikaziba matundu. Nilikata machungwa ya mapumziko. Nilipaka ayodini kwenye magoti, na vijana ambao hawakulia walipopigwa teke walilia hapo. Na zaidi ya yote, nilikwenda kutafuta wachezaji. Nilizunguka kwa basi na kwa baiskeli, soko hadi soko, mechi za makanisa, mechi za mazishi, popote palipokuwa na magoli mawili.

Shida kubwa ilikuwa umri. Timu ni ya vijana, lakini kila mtu alitaka kuwa kijana. Kadi za ubatizo ziliazimwa kutoka kwa ndugu mdogo. Mmoja wa Pap Onditi, mwenye ndevu alizozinyoa asubuhi ileile na kujikata mara tatu, aliniambia hajui tarehe yake ila alizaliwa mwaka wa nzige.

"Nzige wa kwanza au wa pili?" nilimuuliza.

Akafikiri. "Wale wadogo," akasema.

Nilimrudisha kwao. Baadaye nilisikia ana watoto wanne.

Kombewa nilimpata Zablon Odongo. Sikumpata uwanjani. Nilikuwa napita sokoni, nikaona watu wanajenga nyumba ya duka. Mmoja chini alikuwa anarusha matofali juu, na kijana mrefu aliyesimama kwenye kiunzi alikuwa anayadaka na kumpa fundi. Tofali liliporushwa vibaya, kando, alinyoosha mkono mmoja tu na tofali likatulia kiganjani kama ndege aliyechoka. Nilishuka kwenye baiskeli, nikatazama kwa nusu saa. Hakuangusha hata moja. Nilikwenda kwa mama yake siku hiyohiyo.

Zablon alikuwa wangu. Naomba mnielewe hapo. Nilimfundisha kusimama golini, kupima nguzo kwa hatua, kuita mabeki kwa majina, kuanguka bila kuumia. Mwaka mzima nilimpigia mipira kwa mkono wangu. Ndipo nikaanza kumkuta kwenye kibanda cha Hamisi pale Kaloleni, amekaa juu ya debe, anakula mandazi na kucheka. Mimi aliniita Japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima zote. Lakini Hamisi, Zablon alimwita Baba.

Rekodi ya timu mnaweza kuisoma kwenye madaftari, kwa kuwa niliyaandika mimi. Mwanzo tulifungwa kila tulikokwenda. Kisha tukajifunza kutoka sare. Kisha tukaanza kushinda nyumbani, na hatimaye ugenini, na timu zilizokuwa zikija kwetu zikicheka zikaanza kuja kimya. Kila tulipomshinda mtu, watu waliingia uwanjani wakambeba Hamisi mabegani. Mimi nilibaki kwenye benchi na makoti ya wachezaji. Lazima kuwe na mtu wa kushika makoti. Lakini kuna siku nililitazama lile kundi linavyokwenda na vumbi lake, nikajikuta naomba Mungu wamwangushe. Si kumuumiza. Kumwangusha tu.

Ndipo ikaja mechi ninayotaka kuwaeleza. Ilikuwa ya mwisho katika mashindano ya vijana kati yetu na nchi jirani, na ilichezwa hapa Kisumu. Tulikuwa mbele kwa pointi. Sare ilitutosha. Wageni walitoka ng'ambo ya ziwa, wakafika kwa meli, na asubuhi ya mechi wakaomba kiwanja cha kufanyia mazoezi mepesi. Wakapewa kimoja cha kando ya maji.

Hamisi aliniambia, "Nashon, ndugu yangu, nenda katutazamie. Macho yako ndiyo kinga yetu."

Nilikwenda. Pembeni mwa kile kiwanja akina mama walikuwa wameanika dagaa wa omena. Nikachuchumaa karibu na mama mmoja, nikajifanya mnunuzi.

"Wewe unanunua ama unaangalia?" aliniuliza baada ya muda.

"Nanunua, Mama. Nachagua."

"Omena haichaguliwi, Baba. Yote ni moja."

Nilinunua kikopo kimoja nikaendelea kutazama. Wageni walikimbia kidogo, wakajinyoosha. Halafu mwalimu wao akaweka mpira hatua chache nje ya eneo la goli, upande wa kulia. Mchezaji mmoja mkubwa mwenye mguu mzito akarudi nyuma kama anayetaka kuvunja nyavu. Wengine wote wakakimbilia nguzo ya karibu, wanapiga kelele. Nikafanya kama nilivyofundishwa na Mzee Abura. Nikaacha kutazama mpira, nikamtafuta asiyehusika. Alikuwa winga wao mfupi, amesimama mbali, amejishika kiuno, kana kwamba habari hizo si zake. Yule mkubwa alipoufikia mpira hakuupiga. Aliuinua taratibu kwa kidole cha mguu, ukapita juu ya vichwa vya wote, ukaangukia nguzo ya mbali. Na yule mfupi alikuwa ameshafika. Walirudia mara sita. Kila mara kipa wao alikimbilia kelele, na kila mara goli lilibaki wazi.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Kipa asitoke, abaki mstarini, na beki mmoja amshike yule mfupi. Maneno mawili tu. Niliyaandika, nikapanda baiskeli, nikaenda kambini mbio. Nawaapia kwamba nilikuwa naenda kusema. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nafikiri, leo watajua daftari ni la nini.

Kambini nilikuta magari mawili. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wamefika, na mtu wa gazeti alikuwa anawapiga picha. Wamemweka Hamisi katikati, Zablon kulia kwake. Mkubwa mmoja alikuwa ameweka mkono begani mwa Hamisi anasema kwa sauti, "Huyu ndiye aliyewatoa hawa vijana kwenye vumbi. Mtu mmoja, bila msaada."

Nilimtazama Hamisi nikingoja aseme neno. Alicheka tu, kwa ile aibu yake ya kupendeza. Aliponiona pembeni, nimetoka jasho, nina kikopo cha omena mkononi, akaita, "Nashon! Umerudi? Hebu tafadhali waangalizie wageni chai."

Hakuwa na nia mbaya. Nimelipima neno hilo kwa miaka mingi na najua hakuwa na nia mbaya. Nilikwenda jikoni, nikaleta chai. Nikammiminia mkubwa, nikammiminia mtu wa gazeti, nikammiminia Hamisi. Magari yalipoondoka alinijia, akanishika mkono.

"Haya, umeona nini huko?"

Zablon alikuwa amesimama hapo hapo, anafunga kamba za viatu, anasikiliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Wanakimbia-kimbia tu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Hamisi akashusha pumzi, akampiga Zablon mgongoni. "Umesikia? Macho ya Nashon yakisema hakuna, hakuna."

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miti. Kipindi cha kwanza tulifunga bao, wakarudisha. Kipindi cha pili tuliwabana, na dakika zikawa zinakwenda vizuri. Nilianza kufikiri kwamba huenda haitatokea, na kwamba nitabaki na siri isiyomdhuru mtu. Zikiwa zimesalia dakika chache beki wetu akamkwatua mtu, upande wa kulia, hatua chache nje ya eneo. Refa akapuliza.

Nilimwona yule mkubwa wa mguu mzito akirudi nyuma. Nilimwona mfupi akijishika kiuno. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, hatua thelathini kutoka golini, na sauti yangu ilikuwa nzuri, maana ni sauti ya mwalimu wa darasa la watoto hamsini. Ningeweza kupiga kelele, "Zablon, baki!" Hata wakati huo. Mdomo niliufungua. Nikamtazama Hamisi aliyesimama mbele yangu, na mgongo wake wenye furaha, nikaufunga.

Zablon alitoka kuzifuata kelele, kama mtu yeyote angetoka. Mpira ukapita juu ya vidole vyake. Yule mfupi aliusukuma ndani kwa goti.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Maganda ya machungwa, kisha mawe madogo. Mtu mmoja alianza kuita "Dhoot! Dhoot!", ambayo kwa lugha yetu ni mlango, na uwanja mzima ukaitikia. Kijana wa miaka kumi na minane, mlango wazi. Hamisi alimvalisha koti lake, akamtoa kwa lango la nyuma. Nasikia kutoka hapo Zablon alitembea kwa miguu mpaka Kombewa.

Ripoti ya mechi niliiandika mimi, kama kawaida. Penye sababu ya kufungwa niliandika maneno matatu: Makosa ya kipa. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka.

Kabla mwezi haujaisha wakubwa walimwondoa Hamisi, na timu nikapewa mimi. Alinikabidhi jezi, akahesabu mbele yangu, akanitakia heri. Akarudi kwenye viatu vyake.

Nilifundisha timu ile miaka mingi, na nataka mjue sikuwa mwalimu mbaya. Rekodi yangu ni bora kuliko ya Hamisi. Itazameni. Nilishinda mechi nyingi zaidi, nikafungwa chache. Lakini sikuwahi kubebwa. Tukishinda, watu walisema, "Hii ndiyo ile timu ya Hamisi." Tukifungwa, walisema, "Enzi za Hamisi haingekuwa hivi." Mpita njia alisimama kwenye kibanda cha fundi viatu kumpongeza kwa ushindi wa timu aliyokuwa hajaigusa kwa miaka mitano. Nilidhani nikipata kiti chake wivu utakwisha. Kumbe nilikuwa namwonea wivu mtu, si kiti, na mtu alikuwa palepale, anagonga misumari.

Kuhusu Zablon, niliandika barua moja kumwita arudi kambini. Hakujibu. Sikuandika ya pili, na sikwenda.

Mzee Abura alipofariki tulikutana na Hamisi mazishini. Alilia kama mtoto, na mimi hata machozi yale niliyaonea wivu. Wiki iliyofuata nilikwenda kibandani kwake Kaloleni. Alikuwa na kiatu kwenye kalibu ya chuma na misumari mdomoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kiwanja cha kando ya maji, mpira wa adhabu, chai, "hakuna kitu."

Alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye ubao.

"Uliona," akasema.

"Niliona."

"Na Zablon amesimama pale pale."

"Amesimama pale."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa rahisi. Aliendelea kuitazama ile misumari.

"Mimi nilipoteza kazi," akasema hatimaye. "Kazi nyingine nilikuwa nayo, hii hapa. Yule mtoto alipoteza jina. Sasa wewe unakuja kwangu kutafuta nini?"

"Msamaha, Hamisi."

"Hapa hakuna. Nenda Kombewa kwanza." Akarudisha misumari mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni hazungumzi.

Sikwenda Kombewa. Mwaka huo kulikuwa na mashindano. Mwaka uliofuata mke wangu aliugua. Halafu mvua. Mwanadamu hakosi mvua. Ilichukua miaka mitatu, na kustaafu, na kukaa nyumbani asubuhi bila kitu cha kutazama, ndipo nikapanda basi.

Zablon ni fundi cherehani. Nilimkuta kwenye baraza ya duka sokoni, pamoja na mafundi wengine wawili, anashona sare za shule. Amenenepa kidogo. Mikono ni ileile. Alinitambua mara moja, akasimama, akanipa kiti.

"Japuonj! Habari za siku nyingi? Nyumbani wazima?"

Nikamwambia palepale, kabla soda aliyoniagizia haijafika, kwa maana niliogopa nikinywa soda yake sitasema. Alisikiliza akiwa amerudi kukaa, ameshika kitambaa alichokuwa akishona, mguu wake juu ya kanyagio. Nilipomaliza, cherehani za wenzake zilikuwa zimesimama.

"Baba alikuja hapa," akasema. "Hamisi. Jumatatu baada ya ile mechi. Alikaa kwetu siku tatu. Alimwambia mama yangu mbele yangu kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba hakunipanga vizuri. Alisema kipa hana kosa kama mwalimu wake hakumwambia."

Mnataka kujua nilihisi nini? Ninyi ni walimu, niwaambie ukweli ili mjue jinsi ugonjwa huu ulivyo. Kabla ya aibu, kabla ya huruma, niliona wivu. Hata kosa langu Hamisi alikuwa ameshalichukua, na alikuwa amelibeba vizuri kuliko mimi.

"Wewe ulimwamini?" nilimuuliza.

"Mama alimwamini. Mimi, hapana. Nilijua mimi ndiye nilitoka." Akaweka kitambaa chini. "Vijana wangu wawili wako shule hapo mbele. Wakigombana na wenzao wanaitwa watoto wa Dhoot. Hata wale hawajui mpira wanajua hilo jina. Kwa hivyo, Japuonj, simama."

"Nisimame?"

"Simama, useme tena. Kwa ile sauti ya uwanjani."

Ilikuwa siku ya soko. Nilisimama kwenye baraza na nikasema tena, kwa sauti ambayo sikuitumia siku ile kwenye benchi. Wauza samaki waligeuka. Mwendesha mkokoteni alisimama. Nikasema jina langu, nikasema niliona nini asubuhi ile, nikasema niliulizwa, kipa akisikia kwa masikio yake, na nikadanganya. Mzee mmoja mwenye fimbo alinisogelea, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Mimi nilikuwa uwanjani siku hiyo," akasema. "Mimi nilirusha jiwe." Kisha akaenda zake akitikisa kichwa, na sikujua analitikisia jiwe lake au ananitikisia mimi.

Nilirudi kukaa. Zablon alikuwa amesogeza sare pembeni, meza iko tupu. Akafungua droo, akatoa vibiringo vya uzi, akavimwaga mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema. "Miaka yote hii mimi sijaelewa ile mpira ilipitia wapi."

Nikapanga. Vibiringo vyeupe wageni, vya buluu sisi. Kifungo cha sare kikawa mpira. Nikamwonyesha yule mkubwa anavyorudi nyuma, na wenzake wanavyokimbilia nguzo ya karibu na kelele zao. Nikaweka kibiringo kimoja cheupe mbali, peke yake.

"Huyu nilimwona," akasema Zablon polepole. "Alikuwa ameshika kiuno."

"Alikuwa ameshika kiuno."

"Nikafikiri amechoka."

"Kila mtu alifikiri hivyo."

Akachukua kibiringo cha buluu kilichokuwa kipa. Badala ya kukisogeza mbele, akakibakisha kwenye ukingo wa meza. Nikainua kifungo taratibu juu ya vibiringo vyote, nikakishusha upande wa mbali. Mkono wake ulikuwa umeshafika, ukakifunika.

"Ningeudaka," akasema.

"Ungeudaka, Zablon."

"Kwa mikono miwili."

"Kwa mikono miwili. Bila hata kuruka."

Alikaa hivyo, kiganja kimefunika kile kifungo, mpaka mtoto wa shule akaja kuulizia kaptula yake na wenzake wakaanza tena kukanyaga cherehani zao.